Adui Asiye na Maneno

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye dirisha la chumba cha maiti, mhudumu akituambia mimi na shemeji yangu kwamba kaka hatoki.

"Huyu ana alama nyekundu," alisema. "Huyu ni wa serikali."

Kwa ambaye ndiyo kwanza anaifungua hadithi hii, habari yenyewe ni fupi na haina utamu. Kaka yangu alikuwa anatia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za nje. Mabanda yote ya video yalimjua kwa jina la Radi. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Yeye alisema steringi, yaani shujaa wa filamu, na adui, mimi nikasema wanawake, watoto, vikongwe na mbwa. Ndiyo maana mtaani naitwa Bibi, na nimekwisha kuzoea.

Kaka alikuwa na tabia ya kufanya mazoezi akitembea. Siku ile alikuwa anaelekea studio, mkoba begani, na ndani ya mkoba kipaza sauti, betri na waya. Mdomoni alikuwa na maneno ya adui wa filamu moja ya Kihindi, ya kikosi cha kupambana na magaidi. Mtu mmoja kituo cha basi alimsikia akisema, "Kesho adhuhuri kituo chote kitakuwa majivu. Wataokota viatu tu."

Yule mtu akapiga simu. Askari wenye nguo za kiraia wakafika. Walipomwita, kaka aligeuka, akaingiza mkono mkobani. Mimi naamini alitaka kuwaonyesha kipaza sauti.

Risasi hazikusubiri kuonyeshwa.

Tangu hapo yeye ni gaidi, na mwili wa gaidi haupewi ndugu. Wanauzika wao, mahali wanapopajua wao. Tulikuwa tumeambiwa tungoje, lakini mhudumu alitunong'oneza kwamba wiki haitaisha kabla hawajamchukua.

Shemeji yangu halii mbele za watu. Siku ile tuliporudi nyumbani kwake aliketi jikoni, akaweka sufuria tupu mekoni, akaitazama ikiungua. Nikazima moto mimi.

"Shemeji," akasema, "yale maneno si ya filamu?"

"Ni ya filamu."

"Basi wapelekewe hiyo filamu. Waitazame. Wakiyasikia humo, watasema nini?"

Nilijiona mjinga. Mwenye kazi ni mimi, na aliyefikiria ni yeye.

Filamu ilikuwa kwa Tajiri, mwenye studio. Tulimkuta anakunywa soda, miguu juu ya meza. Alipotuona akaishusha.

"Poleni sana," akasema. "Poleni mno. Sijapata usingizi."

"Tunaomba ile filamu ya Kihindi," nikamwambia. "Tuipeleke kwa wapelelezi."

"Filamu chukua. Ila jina la studio lisitajwe. Na ukitoka huko uje uimalize. Mabanda yanaisubiri."

"Tajiri, kaka yangu yuko kwenye jokofu."

"Najua, Bibi. Na mimi nimeumia. Lakini filamu nayo ina siku zake. Wiki mbili zikipita, mwingine ataitia sauti, na itakuwa ya kwake."

Shemeji alinyoosha mkono, akachukua flashi ya filamu mezani.

Tuliitazama kwenye chumba cha kurekodia, chumba kidogo kilichopigwa sponji za magodoro ukutani ili sauti isitoroke. Kiti cha kaka tulikiacha wazi. Shemeji alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mahali alipokaa siku zote, maana filamu zote za kaka yeye ndiye aliyezitazama wa kwanza. Akicheka, kaka aliyaacha maneno. Akinyamaza, kaka aliyabadilisha.

Sasa niseme haki. Nimeichukia filamu ile kuliko kitu chochote kilichowahi kuwekwa kwenye kioo, lakini ubaya wake si wa kila mahali.

Steringi wake si kijana wa kifua wazi. Ni mtu mzima, ana kitambi kidogo, akipanda ngazi anahema. Anakula amesimama. Kabla ya kwenda kuvamia nyumba ya magaidi anampigia mkewe simu, anamwambia yuko kwenye mkutano. Mke anajua ni uongo. Unaona kabisa kwamba anajua. Anamjibu tu, basi mkutano uishe salama. Hapo hakuna ngoma wala zumari, unasikia feni ya darini peke yake.

"Hapa ungemsema taratibu," shemeji aliniambia. "Huyo mke usimlize."

"Sitamliza."

Na kuna pale kituo cha treni. Aliyepiga picha aliishusha kamera mpaka magotini, ukawa huoni nyuso, unaona miguu na mizigo tu, mabegi, magunia, vikapu, masanduku. Hujui kilichomo. Unaogopa kila mzigo. Nimetia sauti filamu nyingi za mabomu, na hiyo ndiyo ya kwanza iliyonifanya nisogeze kiti nyuma.

Uzuri wake umekwisha hapo.

Wenzake steringi wanalipuliwa, watu anaokula nao sahani moja. Picha inayofuata yuko mlimani kwenye maua, amevaa shati jekundu, anamwimbia mwanamke.

"Hao wenzake wamezikwa lini?" akauliza shemeji.

Akauliza tena, si mimi anayeniuliza, anamuuliza yule wa kwenye maua. "Wamezikwa lini, bwana?"

Halafu kuna kuhoji. Kila mtu anayekamatwa anapigwa makofi mawili na anasema kweli tupu, anwani, majina, mpaka rangi ya gari. Hakuna hata mmoja anayesema uongo ili makofi yaishe. Hakuna hata mmoja aliyekamatwa kimakosa. Kikosi hakijawahi kuvunja mlango wa jirani.

Na kuna yule wa sokoni.

Mtu wa shati la kahawia, amebeba mkoba. Steringi anamwita. Anageuka. Anaingiza mkono. Steringi anampiga risasi, anaufungua mkoba, na ndani kuna bomu linahesabu. Soko zima linapiga makofi. Yule mtu analala pale kwenye nyanya, kamera inamruka, na hatumwoni tena. Hana jina. Hakuna anayekuja kumchukua.

Shemeji alinyoosha mkono akasimamisha picha.

"Na kama ndani kungekuwa na viazi?"

"Filamu ingeisha hapo."

"Ingeanza hapo," akasema, akaachia picha iendelee.

Tulikuwa tunatafuta paa. Kaka alinisimulia mwenyewe: adui anasimama juu ya paa, anaangalia kituo cha treni, anatamka maneno yale. Nilikaa na kalamu ili niandike ni wapi hasa, tukifika kwa wapelelezi tusiwachoshe.

Paa likaja. Adui huyo hapo, amesimama. Mgongo wake. Moshi wa sigara yake. Pete yake. Anga. Treni ikapita chini, ndogo kama mchezo wa watoto. Ngoma zikalia, zikapanda, zikakatika.

Picha ikabadilika.

"Rudisha," akasema shemeji.

Nikarudisha. Mgongo, moshi, pete, anga.

"Ongeza sauti."

Nikaongeza mpaka spika zikakwaruza. Hakuna neno. Si la Kihindi, si la lugha yoyote. Adui wa filamu ile hafungui mdomo pale kabisa. Nilipokumbuka vizuri, hafungui mdomo karibu filamu nzima. Waliomtengeneza waliona pete na moshi vinatosha. Kwa nini anataka kuua, nani alimkosea, anaogopa nini, hawakujisumbua.

Na hapo nikaelewa, nikaiweka kalamu chini.

Kaka hakupenda mtu anyamaze kwenye kioo. "Watu hawaji bandani kuangalia mgongo," alikuwa akisema. Popote filamu iliponyamaza, yeye alijaza. Kaka aliwapa farasi mawazo. Aliwapa maiti neno la mwisho. Ndicho walichompendea. Filamu ile ilikuwa na adui bubu, na kaka akamhurumia, akamtungia maneno.

"Kwa hiyo hayamo," akasema shemeji.

"Hayamo."

"Kwa hiyo mwenye maneno yale ni yeye."

Nilitaka kukataa. Nikaichomoa flashi.

Akainuka kwenye ndoo, akajipangusa nguo. "Twende hivyo hivyo."

"Tukawaambie nini?"

"Tukawaambie jinsi mnavyofanya kazi. Mtu akieleza kazi yake vizuri, hata adui yake anamwelewa."

Ofisi ya wapelelezi iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Waliruhusu mmoja aingie. Shemeji akabaki kwenye benchi la nje, mimi nikaingia.

Mpelelezi mwenye jalada alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea, shati limepigwa pasi, kikombe cha chai mkononi. Nilipomweleza kwamba maneno ya yule marehemu wa kituo cha basi ni ya filamu ya Kihindi, na kwamba nimeileta, akacheka.

"Ya kikosi? Yule steringi mwenye kitambi? Ninayo ya Kihindi tupu, naitazama kwa kubahatisha. Iweke, iweke."

Akavuta kiti. Akawa anatazama kama mtu aliye nyumbani kwake.

"Uongo huo," akasema steringi alipovunja mlango wa tatu. "Huyu haandiki ripoti. Sisi risasi moja, karatasi kumi. Umewahi kumwona huyu akishika kalamu?"

"Hapana, afande."

"Na bastola yake haiishi risasi. Lakini hapo kwenye simu na mkewe, hapo pana ukweli. Mimi mwenyewe niko kwenye mkutano kila siku." Akacheka, halafu akasogeza kiti. "Haya, nionyeshe hayo maneno."

Nikampeleka kwenye paa. Akatazama mgongo na moshi mpaka picha ikabadilika.

"Mbona hasemi?"

Nikamweleza. Nilieleza kama shemeji alivyoniagiza, polepole, kuanzia sponji za ukutani. Kwamba sisi hatusomi popote. Kwamba tunakaa, picha inakwenda, na tunasema. Kwamba mwenye kunyamaza tunamsemea.

"Maneno matupu," akasema, lakini si kwa ukali. "Kila mtu anaweza kuja hapa akadai hivyo. Nifanyie nione."

"Hapa?"

"Hapa. Rudisha picha."

Sikuwa nimewahi kumsema adui maishani mwangu. Mimi ni vikongwe na mbwa. Nilirudisha picha, nikashusha kidevu kifuani kama kaka alivyokuwa akifanya, nikaacha sauti itoke chini. Ilipotoka, haikuwa yangu.

"Waache waje na mizigo yao," nikasema juu ya mgongo ule. "Waache wabusu watoto wao dirishani. Mimi mwanangu hakupewa hata dirisha. Kesho adhuhuri kituo chote kitakuwa majivu. Wataokota viatu tu. Na mimi nitavipanga viwili viwili, kama nilivyopanga vyake."

Treni ikapita. Ngoma zikakatika palepale nilipomaliza.

Mpelelezi alikuwa ameweka kikombe chini. Wenzake wawili walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja akasema, "Aisee!" na mwingine akapiga kofi moja, kama wafanyavyo bandani.

"Hiyo sauti naijua," akasema mpelelezi. "Hiyo ni ya Radi."

"Ndiyo, afande."

"Unamwiga vizuri wewe! Radi namsikiliza tangu niko shule. Tulikuwa tunaruka ukuta kwenda kumsikiliza. Yule mtu alikuwa anamfanya farasi akuchekeshe." Alikuwa anatabasamu. "Yuko wapi siku hizi? Mbona kimya?"

"Yuko kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Kwenye jokofu, afande. Ana alama nyekundu."

Wale wawili wa mlangoni wakaondoka bila kuambiwa.

Mpelelezi alifungua jalada, akalitazama, akalifunga. Akalifungua tena. "Jina hapa ni jingine."

"Hilo ni la kitambulisho."

"Na mkoba…"

"Kipaza sauti, betri na waya. Mnavyo ninyi. Jaribuni, kinafanya kazi."

Akalifunga tena jalada. Halafu akasimama, akalivuta shati lake likae sawa, akasema maneno ambayo nilikuwa sijayasikia kwa mtu yeyote tangu kaka afe.

"Nakuamini. Ngoja hapa. Namwita Mkubwa, na nitamwambia mimi mwenyewe."

Nilibaki na kompyuta inayounguruma. Wasomaji wangu, nitawaambia kweli: nilifurahi. Niliwaza gari tutakalokodi. Niliwaza majirani waliotufungia madirisha tangu kaka aitwe gaidi watafungua kwa uso gani.

Mkubwa aliingia na miwani mkononi, mtu mnene, mpole wa sura. Alinipa mkono. Alinipa pole. Akaomba nirudie.

Nikarudia. Mara ya pili niliposema habari ya mtoto na dirisha, sauti ilinikatika, nikamaliza kwa sauti ya Bibi. Hakuna aliyecheka.

"Vizuri," akasema Mkubwa. Akakaa mahali pa mpelelezi, na mpelelezi akasimama ukutani. "Vizuri sana. Nimeridhika. Marehemu hakuwa gaidi."

"Asante, mzee. Asante."

"Subiri. Marehemu hakuwa gaidi, kwa hiyo mtu wangu alimpiga risasi mtu anayefanya mazoezi ya kazi yake. Ni sawa?"

"Ni sawa, mzee."

"Si sawa. Nikiandika hivyo, kesho kijana wangu yule yuko mahakamani, na mimi niko nyuma yake, na kikosi kizima hakitanyanyua bunduki tena hata bomu likiwa la kweli. Unanielewa? Siwezi kuandika hivyo."

Nilimtazama mpelelezi. Alikuwa anatazama vidole vya viatu vyake.

"Lakini kosa likishatokea haliwezi kuning'inia hewani," Mkubwa akaendelea, sauti ileile ya upole. "Lazima liwe na mwenyewe. Sasa wewe umekuja hapa kwa miguu yako. Maneno unayajua kwa moyo. Filamu ni yenu. Nikisema kwamba wewe ulimtuma kaka yako ayaseme kituoni, watu washtuke, filamu ijulikane kabla haijatoka, nani atashangaa? Vijana wa siku hizi mnatangaza vitu kwa kila njia."

"Mzee, hakuna aliyemtuma."

"Ndivyo unavyosema wewe."

"Afande," nikamgeukia mpelelezi, "mwambie. Wewe umesema unaniamini."

"Namwamini, Mkubwa," akasema yule kijana, kwa shida.

"Na mimi namwamini. Nani hapa hamwamini?" Mkubwa alivaa miwani, akavuta karatasi nyeupe kutoka kwenye droo, akaanza kuandika huku akisema anachoandika. "Marehemu alitumiwa bila kujua. Marehemu hana hatia. Mwili upewe ndugu leo hii, alama iondolewe. Aliyemtuma kuzusha hofu kwa umma amekiri kwa hiari yake." Akaigeuza karatasi ielekee kwangu, akaweka kalamu juu yake. "Usiposaini, hakuna aliyekuja hapa leo, na wewe unakwenda zako. Gari la kwenda kuzika lina ratiba yake, na kaka yako yumo kwenye ratiba hiyo."

"Kifungo chake ni kiasi gani?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Hilo ni la hakimu. Mimi najua la hapa tu. Kutoka mikononi mwetu leo atatoka mmoja wenu."

Mlango ukagongwa, na kabla hajaitikiwa shemeji akaingia. Alikuwa amesikia kupitia ukuta, lakini alichosikia ni nusu. Uso wake ulikuwa umefunguka. Nilikuwa sijauona uso huo tangu siku ya risasi.

"Nimesikia mnasema hana hatia," akasema. "Shemeji, nimesikia vizuri? Wanatupa?"

Mpelelezi akageuka dirishani.

"Mjibu shemeji yako," akasema Mkubwa, na kwa kidole kimoja akaisogeza kalamu karibu zaidi na mkono wangu.